Ngama isiyoonekana: kisa cha kayaki iliyojaa maji kwenye bwawa la Nyandarua

Kayaki nyekundu, mtumbwi mdogo wa plastiki wa kupigwa kasia, ilipatikana saa tisa alasiri, imelala kifudifudi kwenye kona ya juu ya bwawa, upepo ulikoisukumia. Ilipovutwa ukingoni na kufunguliwa kizibo, yalitoka maji ya kujaza ndoo nne na nusu za lita 20. Siku tisa kabla ya hapo ilikuwa imetoka kwa fundi Nairobi, na ufa wake ulikuwa umezibwa. Kwa hiyo ile methali ya ufa na ukuta haina la kutuambia hapa. Ufa ulizibwa, ila ulizibwa kwa kitu ambacho hakishikani nao.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Wapiga kasia wake wawili hawana majina, bwawa halitajwi, na hatua zake zimepangwa kutokana na makosa yanayojirudia kwa vyombo vya aina hii. Hesabu zilizomo mtu anaweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu.

Wanairobi wengi huyajua mabwawa ya milimani kupitia mfereji wa jikoni tu. Ndakaini, kule Murang'a, lilikamilika mwaka 1994, linabeba mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kubwa la jiji. Sasumua, upande wa Kinangop, ni dogo kuliko hilo lakini liko juu zaidi. Yote mawili yamo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwenye kayaki, urefu huo una maana tatu: maji ni baridi mwaka mzima, upepo wa mchana haukosi, na ukingo hubadilika. Mvua ikikosa maji hushuka na kuacha tope mahali palipokuwa na nyasi. Ukame uliofanya Nairobi igawiwe maji kwa zamu mwaka 2017 uliacha kingo za aina hiyo kote. Jambo la nne ni la kiofisi. Haya ni maji ya kunywa, yana walinzi, na huingii bila kibali. Kibali kilichukua muda siku hiyo, na muda huo una sehemu yake katika kisa.

Kilichofanyika Nairobi

Kayaki yenyewe ni ile ya kukalia juu: ganda moja la plastiki lililofungwa pande zote, mita 3.1, kilo 24, ndani ina nafasi ya hewa ya lita 210 hivi. Chini ya kiti kuna matundu manne yanayopenya kutoka sitaha hadi tumboni, ili maji yanayorukia kitini yajitoe yenyewe. Kuta za matundu hayo ndizo sehemu dhaifu kuliko zote. Mwenye kayaki alizoea kuibeba kwa kitoroli chenye vipini viwili vinavyoingia kwenye matundu. Uzito wote wa chombo hukaa juu ya vipini hivyo, na kila gurudumu likiruka jiwe plastiki hupindwa mahali palepale. Baada ya msimu mmoja, tundu la kushoto nyuma lilikuwa na ufa wa sentimita 6, mwembamba kama unywele.

Akaipeleka kwa fundi wa bampa. Chaguo hilo linaeleweka, maana mafundi wa bampa wa Nairobi ni hodari na kazi yao inaonekana barabarani kila siku. Lakini bampa nyingi ni za polipropilini iliyochanganywa na mpira. Geuza bampa uangalie kwa ndani, utakuta herufi PP+EPDM zimepigwa kwenye plastiki. Kayaki ya kumiminwa kwenye kalibu ni polietilini, ndugu wa tanki jeusi la maji lililo juu ya nyumba. Plastiki hizi mbili zinafanana kwa macho, zote huelea majini, zote huyeyuka kwa joto lisilopishana sana, na zikiyeyushwa pamoja hukaa kama zimeungana. Ukweli ni kwamba zimegandana tu. Ukiivuta ile ya juu, hubanduka nzima kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake unaacha sura laini isiyo na jeraha.

Fundi aliyeyusha uzi wake wa kuungia, wa polipropilini, juu ya ufa, akaupiga msasa, akaupaka rangi nyekundu. "Hapo imeshika, bosi." Kwa kidole, ilikuwa imeshika kweli.

Jaribio la kutofautisha huchukua dakika tano na halihitaji kifaa. Yeyusha kipande cha uzi cha ukubwa wa punje ya mahindi juu ya plastiki ya kayaki, mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa kifuniko. Subiri kipoe kabisa, ukishike kwa koleo na kukivuta pembeni. Kikibanduka safi, uzi si wake. Kikinyofoka na plastiki ya chini, au kikirefuka kama ulimbo kabla ya kukatika, ndio wake. Njia ya pili ni ya pua: choma kipande chembamba cha plastiki yenyewe. Polietilini hunuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, na polipropilini ina harufu kali zaidi. Ukucha nao hushuhudia, kwani polietilini ni laini, huacha alama na huteleza kama nta.

Silikoni na gundi za kawaida tusizitaje sana. Hazishiki polietilini.

Safari na jua

Waliondoka Nairobi saa moja asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa Januari, kayaki mbili, ile nyekundu na ya mwenzake ya njano, juu ya keria. Saa tatu walikuwa langoni. Kibali kilitoka saa nne na nusu. Muda wote huo kayaki zilikaa juani, vizibo vimefungwa na vifuniko vimebanwa.

Hapa pana fizikia ambayo huonekana ndogo mpaka uipige hesabu. Hewa iliyofungiwa ndani ya ganda jekundu linaloota jua la saa nne hufika nyuzi 42 bila taabu. Mahali penye ufa, hewa iliyotanuka hujitoa polepole na hakuna anayeisikia. Kisha ganda linatiwa kwenye maji ya nyuzi 19. Hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa kwa asilimia 7 hivi, na nafasi inayoachwa lazima ijazwe na kitu. Ufa ukiwa juu ya maji, kitakachovutwa ni hewa. Ukiwa chini ya kiti, ni maji. Asilimia 7 ya lita 210 ni karibu lita 15. Chombo hakijapigwa wimbi hata moja na tayari kimebeba mtungi wa maji usiopungua sana.

Dawa yake ni kufungua kizibo kabla ya kushusha chombo majini, kukiacha kivulini au nusu ndani ya maji kwa dakika 15, kizibo kikiwa juu ya mstari wa maji, ndipo kifungwe. Hawakufanya hivyo. Waliona wamechelewa.

Lakini tundu moja peke yake halizamishi ganda lililofungwa. Maji yakishaingia ya kusawazisha, hewa ya ndani huyazuia mengine, kama glasi iliyotumbukizwa kichwa chini. Ili yaendelee kuingia, hewa lazima ipate pa kutokea, na njia hiyo ilikuwa mbele kabisa. Kifuniko cha omo, yaani cha sehemu ya mbele, kilifungwa juu ya mkanda wa mfuko usioingiza maji, mkanda wenye upana wa kidole kimoja, ukapita juu ya mpira wa muhuri. Kwa juu kifuniko kilionekana kimekaa sawa. Mkanda ule ukawa pua: hewa inatoka omo, maji yanaingia chini ya kiti. Ndani ya mfuko huo kulikuwa na simu, sweta kavu na kamba ya kuvutia ya mita 15. Vitu vitatu ambavyo vingehitajika baadaye vilikaa mahali ambapo mtu aliyemo majini hawezi kuvifikia, na mkanda wa mfuko wenyewe ndio uliopitisha hewa.

Majini

Saa nne na dakika 40 bwawa lilikuwa limetulia kama maji mtungini. Walianzia karibu na ukuta wa bwawa, wakapanda mkono wa magharibi kuelekea msituni, kilomita mbili na nusu, upepo mwepesi ukiwa mgongoni. Hilo ndilo kosa la ramani ya siku. Kwenye miteremko ya mashariki ya Nyandarua, jua likishapasha bonde, hewa hupanda kutoka nyanda za chini kuelekea mlimani, na mwezi wa Januari kaskazi huongeza nguvu. Bonde jembamba huubana upepo huo kama koo la chupa. Anayekwenda nao asubuhi anasaidiwa wakati ana nguvu, na anapingwa wakati amechoka. Safari ya namna hii huanza kinyume: ama unaanzia upande wa msituni, ama unapiga kasia kuelekea mashariki kwanza hata kama mandhari ya huko ni ukuta wa udongo na nyasi.

Walipofika juu walivuta vyombo kwenye changarawe, wakala. Nyekundu ilivutwa tumbo chini, mita sita. Kiraka cha polipropilini kilikuwa kimetokeza nje kiasi cha unene wa shilingi, na changarawe ilikinyanyua upande mmoja. Baada ya hapo ufa haukuwa tena unywele. Chukua ufa wa sentimita 6 uliofunguka nusu milimita, sentimita 12 chini ya maji: unapitisha lita moja na nusu kwa dakika. Nusu saa ni lita 45.

Dalili zilikuwepo, na ni vyema kuzitazama kwa karibu kwa sababu ndizo pekee ambazo mtu angeweza kuzitumia siku ileile. Ya kwanza, kayaki ilikuwa nzito kurudisha majini kuliko ilivyokuwa kuitoa. Ya pili, ikiinamishwa ilitoa mlio wa maji yanayokimbia ndani, kama mtungi usiojaa. Ya tatu ndiyo ya uhakika kuliko zote: kiti kilikuwa na maji yaliyosimama. Matundu ya kujitoa maji hufanya kazi pande zote mbili. Chombo kikielea kwa urefu wake wa kawaida, maji ya kitini hushuka yakaisha. Chombo kikididimia, maji ya bwawa hupanda kupitia matundu yaleyale na kukaa. Mpiga kasia wa nyekundu aliyaona, akadhani ni viwimbi vinavyoruka ubavuni.

Mtumbwi wa mti hauna siri hii. Mabaharia wa pwani husema tezi (nyuma) na omo, marejeo ni ngamani, na ngama yenyewe, sehemu ya chini ya chombo panapokusanyika maji, unaiona: maji yakijaa unachukua kata unafua. Kayaki ya kukalia juu imeziba ngama yake chini ya sitaha, kwa hiyo anayeiendesha hana budi kuitafuta kwa masikio na kwa makalio.

Walianza kurudi saa sita na robo. Upepo ulikuwa wa kuinua vilele vyeupe hapa na pale, mawimbi ya sentimita 40, mafupi, yaliyokaribiana. Njano ilitangulia. Nyekundu ilibaki nyuma mita 50, kisha mia. Walikuwa katikati ya bwawa, mita 300 kutoka ukingo wa kaskazini, kwa sababu katikati ndiyo njia fupi. Saa saba kasorobo mwenye nyekundu aligeuza kichwa kutazama nyuma. Maji ya ndani, lita 60 kwa makadirio, yalikimbilia upande alioegemea. Kilo 60 zinazohama zenyewe ni sawa na abiria anayesimama wakati gari linakata kona, ila huyu hasikii ukimwambia akae. Kayaki ilijiviringisha bila wimbi kubwa lolote.

(Zile ndoo nne na nusu ni lita 90. Lita 30 za ziada ziliingia baadaye, kifuniko cha omo kilipokuwa kikitazama chini kwa saa mbili.)

Dakika 25

Nyuzi 19 haziui haraka. Zinachofanya kwanza ni kukata pumzi, na kwa dakika moja au zaidi mtu huhema asivyotaka. Aliyevaa jaketi la kuokolea huwa na nafasi ya kusubiri hilo lipite. Jaketi lilikuwa limevaliwa, ila mkanda wa kifuani ulikuwa umelegea, likapanda hadi masikioni. Lilimwelesha lakini lilimzuia kupanda. Kipimo ni kuvuta mabega ya jaketi juu kwa mikono ya mtu mwingine kabla ya kuondoka: likigusa kidevu, kaza tena.

Aligeuza chombo na kujaribu kupanda mara nne. Namna ya kupanda aliijua: tumbo juu ya sitaha, piga mateke miguu ipande juu ya maji, jivute hadi kitovu kivuke kiti, viringika ukae, kisha ingiza miguu. Kwenye kayaki kavu hilo ni kazi ya sekunde kumi. Kwenye hii, kila alipoweka uzito upande wa kushoto, maji ya ndani yalimfuata kushoto na chombo kikamlalia. Mwenzake alifika, akaegesha njano ubavu kwa ubavu na kushika sitaha ya nyekundu kwa mikono miwili, kasia likiwa limelazwa juu ya vyombo vyote viwili. Ndiyo njia sahihi, na jaribio la nne lilifanikiwa kwa nusu dakika. Kisha nyekundu ikazama omo na kumwaga mtu upande wa pili.

Uamuzi uliofuata ndio bora wa siku nzima. Mwenye njano alisema, "Achana nayo. Shika tezi yangu, lala tumbo, piga mateke." Nyekundu ikaachwa. Watu wengi hukwama hapo, kwa sababu chombo ni mali na kimewagharimu. Kanuni ya kukaa na chombo ni nzuri, ila sababu zake ni mbili: chombo kinaelea na kinaonekana. Chombo kingine kikiwepo chenye sifa hizo hizo na pia kinakwenda, sababu zimehamia huko.

Hawakwenda kinyume cha upepo kuelekea gari. Walikata mshazari na upepo hadi ukingo wa kaskazini, mita 300 na ushei, dakika 11. Filimbi ilipulizwa mara tatu, kimya, mara tatu tena. Wachuma chai waliokuwa mteremkoni waliisikia na mmoja akampigia mlinzi simu. Filimbi ile ilikuwa imefungwa begani mwa jaketi, si mfukoni, na ndiyo kifaa pekee kilichofanya kazi yake kama kilivyokusudiwa.

Ukingo wenyewe ulikuwa tope jekundu lililoachwa na maji kushuka, la kufika gotini. Kusimama hapo ni kujipanda kama mche. Walibaki wamelala, mmoja juu ya kayaki, mwingine akiishika, mpaka wachuma chai walipotandaza matita ya majani ya nepia kutoka nchi kavu. Aliyekuwa majini alivaa jinzi na fulana ya pamba, akatoka anatetemeka lakini anasema sawasawa. Nguo zote mbichi zilivuliwa, akafunikwa kwa kavu, akapewa chai ya sukari alipoweza kushika kikombe. Miguu haikusuguliwa, na ndivyo ipasavyo. Suti fupi ya majini au hata flisi ya mitumba ya Gikomba ingempa muda mrefu zaidi wa kutumia vidole vyake, na vidole ndivyo vilivyomwishia kwenye jaribio la tatu.

Marekebisho

Mara hii kayaki ilipelekwa kwa fundi wa matanki. Kiraka cha zamani kilitoka kwa ncha ya kisu, kipande kimoja, upande wa chini umenakili mikwaruzo yote ya ganda bila kushika hata mmoja.

Kazi ilikwenda hivi. Ncha zote mbili za ufa zilitobolewa kwa drili ya milimita 3 ili ufa usiendelee. Ukachongwa mfereji wa umbo la V hadi theluthi mbili za unene. Eneo la sentimita 3 kuzunguka lilikwanguliwa kwa ubapa wa kisu mpaka ngozi ya juu iliyoungua kwa jua ikaisha, kisha likapanguswa kwa spiriti. Uzi ulikatwa kutoka kipande cha tanki, baada ya jaribio la koleo kuonyesha unarefuka bila kubanduka. Plastiki ya kayaki ilipashwa kwanza, mpaka ikang'aa kama imelowa, ndipo uzi ulipobonyezwa ndani. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani huyeyusha uzi ukadondokea juu ya plastiki baridi. Joto lilikuwa la wastani. Moshi ukionekana, umeshaunguza. Kiraka kiliachwa kipoe kwa hewa bila kumwagiwa maji, na hakikupigwa msasa hadi kikawa sawa na ganda. Kilibaki na tumbo kidogo, na kitoroli kikabadilishwa kikawa cha mikanda inayobeba tumbo la chombo.

Jaribio lilikuwa la aina mbili. Kwanza povu la sabuni juu ya kiraka na hewa ya mdomo kupitia tundu la kizibo, kwa sababu kompresa ya gereji inaweza kulipasua ganda. Hakuna kiputo kilichotokea. Kisha ndani ya maji ya kina cha kiuno, watu wawili wameketi juu, wakiyumba kusudi kwa nusu saa. Ilipoinamishwa yalitoka maji yasiyojaa kikombe, na yalitoka upande wa omo. Mpira wa muhuri ulikuwa bado na alama ya mkanda, ukabadilishwa pia.